Kuunda grupe ya gitare kavu ku Lubumbashi, kuirekodi, na kuikusanya tena kisha miaka mingi

Wandugu, vijana wa kwetu komine Katuba na wa komine Kenya, hapa hapa Lubumbashi, wananiulizaka jambo moja tu: papa, tunataka kuunda grupe ya gitare kavu (ile isiyo ya umeme), tuanzie wapi? Nimejibu mara mingi kwa mudomo, leo naandika yote, juu mi nilikuwa mu grupe kama hiyo toka 2004 mpaka 2010, tulikuwa watano, tukaachana, na 2023 tukakutana tena tukiwa wane. Wa tano alikuwa amekufa, na ndiye hatukumurekodi vizuri. Kwa hiyo mutaona nakaa sana ku mambo ya kurekodi na ya kurudiana, na mambo mengine napita haraka.

Hatua ya kwanza: tafuta watu, vyombo vitafuata

Wane ao watano wanatosha. Mumoja wa gitare ya solo, mumoja wa akompa (gitare ya kusindikiza), mumoja wa karindula, kile chombo kikubwa cha nyuzi, juu ya besi, mumoja wa kugonga chupa, na sauti zinatoka kwa hao hao. Mukizidi hapo mutakuwa orkestre, na orkestre inaomba makuta (pesa) ingine na bosi.

Mutu anapiga muzuri sana lakini anakujaka saa yenye anataka, umuache. Nasema hivi kwa ukali juu nimeishi nayo: wane wanangojea mumoja, gitare ziko mu mapaja, jua linashuka, mwenye kuwa na watoto anaanza kuangalia saa, na hapo repetisyo (mazoezi) imekufa hata kama huyo fundi atafika.

Namna ya kupima watu ni hii. Kaeni chini ya muembe mu parsele ya mumoja wenu, mupige wimbo moja nusu saa nzima bila kusimama. Mwenye anazidisha nguvu ili asikike yeye, utamuona. Mwenye anapunguza mukono wakati mwenzake anaimba, utamuona pia, na huyo umushike sana. Tena muishi karibu kama inawezekana, sisi tulikuwa wote mu njia mbili za Katuba, mutu akisikia gitare ya mwenzake imeanza anatoka nyumbani bila kuitwa.

Hatua ya pili: masikio mbele ya vidole

Huwezi kupiga gitare ya Katanga bila kusikiliza wakubwa wake. Mwenda Jean Bosco, yule wa Bayeke, alizaliwa 1930 ku Bunkeya, akapiga na vidole viwili tu, kidole gumba kinatembeza besi na kidole cha shahada kinaimba juu. Hugh Tracey, yule mukusanyaji wa muziki wa Afrika, alimurekodi mu 1952 ku Jadotville, njo Likasi ya leo, na mu 1969 alifika mpaka Newport kule Marekani na gitare yake. Masengo Edouard naye alikuwa na Jecoke, vijana wa komine Kenya, wao waliimba, wakacheza, wakachekesha watu, yote mu spektakle moja. Tafuta kazi za hawa na za Losta Abelo, sikiliza na gitare mu mukono, wimbo moja juma zima, usiruke ruke.

Kitu vijana wengi wanakosea: wanapiga nota zote na nguvu sawa. Gumba iwe kama mutu anatembea, haharakishi wala hachelewi, kisha kidole cha juu kicheze juu ya huo mwendo kama mutoto anaruka pembeni ya baba yake njiani. Fundisha gumba peke yake kwanza, siku kumi, mpaka unaweza kuongea na mutu huku inatembea. Mi nilifanya hivyo nikichunga mbabula (jiko la makala) ya mama, naongea na wadogo zangu, gumba inaenda.

Hatua ya tatu: vyombo

Gitare isiwe ya bei, iwe yenye shingo nyoofu. Angalia kutoka ku kichwa mpaka ku tumbo kama vile fundi wa mbao anaangalia ubao, kama imepinda uache. Nyuzi chukua za laiti, seti ya unene wa 12 mpaka 53, na kama gitare ni ya zamani chukua 11, juu nyuzi nzito zinavuta deraja mpaka linabanduka. Tyunini wote ku 440 na aplikasyo ya telefone, kisha musikilizane kwa masikio, telefone haijui kama gitare yenu mbili zinapatana.

Karindula haiuziwi mu magazini. Inatengenezwa: bidoni kubwa, ngozi ya mbuzi, shingo ya mbao, nyuzi nne. Mafundi wako, uliza mu Katuba ao mu Kenya, watu watakuonyesha parsele. Jambo la kujua ni ngozi. Wakati wa mvua inalegea na sauti inakuwa kama ya kupiga mufuko, basi isogeze karibu na mbabula yenye makala, si juu yake, pembeni, dakika kumi, ukiigonga gonga mpaka inajibu. Kiangazi ni kinyume, ngozi inakaza sana, legeza nyuzi ukimaliza kupiga.

Na hiyo hewa ya kiangazi chetu, kutoka mwezi wa tano mpaka wa kumi hivi, inapasua gitare. Nimepoteza moja hivyo mu 2007, nyufa ya tumbo nzima, niliisikia usiku ikilia "ta!" mu kona. Dawa yake ni ndogo: chukua kisanduku cha sabuni, toboa matundu, weka sponji yenye maji iliyokamuliwa vizuri, ufunge ndani ya mufuko pamoja na gitare, urudishe maji kila siku tatu. Mbao za gitare zinapenda unyevu wa kati ya 45 na 55 kwa mia.

Chupa: ya Fanta, ile ya kioo yenye mistari, na kijiko ao musumari mukubwa. Usizarau hiyo kazi. Mutu wa chupa ndiye saa ya grupe, mupeni mwenye moyo mutulivu kuliko wote.

Hatua ya nne: repetisyo na kaye

Mara mbili kwa juma, siku zile zile, saa mbili tu, mbele ya giza. Nusu saa ya kwanza wimbo wenye munajua, juu ya kupasha moto vidole, saa moja wimbo mupya, mwisho nyimbo mbili kama vile muko mbele ya watu, bila kusimama hata mukikosea.

Mununue kaye (daftari) moja ya grupe. Andika mule kila wimbo: nani alitunga, maneno yote mpaka ya mwisho, gitare ya solo inaanza ku pozisyo gani, kapo (kile kibano cha shingo) iko ku kaze (nafasi ya shingo) ya ngapi, nani anaingia wa kwanza, na tarehe. Sisi hatukuwa na kaye. 2023 tulipokaa tukaanza wimbo wetu wenye watu walipenda kuliko yote, tulifika ku ubeti wa tatu, kimya. Hakuna aliyekumbuka. Tulihangaika siku mbili, mwisho ni dada wa mwenzetu mumoja aliyekuwa anaosha vyombo pale pale ndiye aliimba yote, alikuwa mutoto wakati ule, alikuwa anasikiaga kila jioni kutoka jikoni. Mungu amubariki, lakini si kila grupe iko na dada kama huyo.

Mu kaye hiyo hiyo, ku ukurasa wa mwisho, andikeni namna ya kugawa makuta, wote mutie sayini. Sisi tuligawaga kwa mudomo na njo ilituvunja. Ushauri wangu: toa kwanza transporti na nyuzi, weka sehemu moja mu kisanduku cha grupe, yenye kubaki mugawane sawa sawa, na makuta ya wimbo wenyewe yawe ya mwenye alitunga. Andikeni tena: mutu akihama, nyimbo alizopiga zinabaki na jina lake. Mutu akikufa, sehemu yake inaenda kwa nani. Vijana wanakataaga kuandika hiyo, wanasema unaita kifo. Andikeni. Na nyimbo zenyewe mukaziandikishe ku SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo, watunzi waende na maneno yaliyoandikwa, si na kichwa cha wimbo peke yake.

Hatua ya tano: kurekodi, na mufanye mapema

Musingojee muwe wakamilifu. Mukiwa na nyimbo tano zenye zinasimama, rekodini, hata kama ni miezi sita tu toka muanze.

Sisi tuliingia studio mara moja, 2008. Fundi alituweka mumoja mumoja mu chumba kidogo, kila mutu na kaske ku masikio, na tik-tik ya mashini. Mwenye karindula alipiga peke yake akiangalia ukuta. Mutu ambaye miaka mine alikuwa anapiga akiangalia gumba yangu! Ilitoka safi na ilikuwa imekufa, halafu umeme ulikatika saa ya sauti, tukarudi siku ingine na makuta yakaisha. Kilichobaki cha kweli ni kaseti moja ya dakika 60 yenye mama wa jirani aliweka mu radio yake tukipiga ku harusi. Juu ya hiyo nawaambia: gitare kavu inarekodiwa watu wakiwa pamoja, wanaonana macho.

Namna yenyewe. Tafuta chumba chenye vitu, viti vya sponji, kitanda, mapazia, nguo zimetundikwa. Chumba kitupu cha simenti kinarudisha sauti kama mu tanki. Tundika mablanketi mazito ku kuta mbili zinazoangaliana, na ku murango. Wakati: kiangazi, juu mvua ikianguka ku mabati hamuwezi kufanya kitu, na saa iwe ya usiku, saa ine mpaka saa kumi, kisha majenereta na mabaa yamenyamaza na majogoo hayajaanza. Zima friji. Zima telefone zote, hata ile ya mwenye anasema yake haina shida. Mukiwa na rekodere ndogo ya betri, kukatika kwa umeme hakuwahusu tena, na hapa kwetu hiyo peke yake ni sababu ya kuichagua kuliko studio.

Kaeni muviringo. Kama muko na mikro moja ao rekodere moja tu, weka katikati, urefu wa kifua cha mutu mwenye kukaa, halafu musongeze watu, musiguse vifungo. Mwenye kuimba awe karibu, sentimetre 50 hivi. Gitare ya solo nyuma yake kidogo, metre moja kasoro. Akompa metre moja. Karindula metre moja na nusu na tumbo lake liangalie pembeni, juu besi yake inameza kila kitu. Chupa mbali kabisa, metre mbili na nusu, hata ku murango, kioo kinapenya kuliko munavyofikiri. Rekodi dakika moja, sikilizeni wote, songeza mutu hatua moja mbele ao nyuma, rekodi tena. Hiyo kazi inaweza kuchukua saa nzima na ni saa nzuri kuliko zote za usiku ule.

Kama muko na mikro mbili, ya pili iende ku gitare ya solo, iangalie pale shingo inakutana na tumbo, ku kaze ya 12, sentimetre 20 mpaka 30. Usiielekeze ku tundu, ku tundu kuko upepo na ngurumo tu.

Weka rekodere ku WAV, 24 biti, 48 kilohezi. Hiyo ku stereo inakula kama megabaiti 17 kwa dakika, wimbo wa dakika ine ni karibu 70, basi mupange kadi yenye nafasi. Sauti kubwa kabisa ya wimbo ifike kati ya desibeli -12 na -6, isiguse sifuri hata mara moja, juu ikipasuka hakuna fundi wa kuirudisha. Kama muko na telefone tu, inawezekana pia: weka mode ya ndege, zima ile kazi ya kupunguza kelele ndani ya aplikasyo (inafikiri chupa ni kelele, inaikata), ulaze telefone juu ya kitambaa, metre moja na nusu mbele ya muviringo.

Kila wimbo mara tatu, si zaidi. Mara ya kwanza munaogopa, ya pili inakuwa nzuri, ya tatu ni ya akiba. Mukifika ya saba munajidanganya. Mbele ya kila mara mutu mumoja aseme kwa sauti jina la wimbo, tarehe na majina ya wote walioko. Inaonekana kitu kidogo. Mu kaseti yetu ya harusi kuko sehemu moja animateri anataja majina yetu watano, na leo njo pahali pa pekee jina la mwenzetu linasikika akiwa hai, na yeye anajibu "niko!"

Kisha kurekodi, usiku ule ule, kopi tatu: moja ku kompyuta ao telefone, moja ku diski, na moja iende kwa mutu wa muji mwingine, Kolwezi, Likasi, popote. Nyumba inaungua, telefone inaibiwa. Andika faili vizuri, tarehe na wimbo, si "Audio 0017".

Kutoa kazi inje sitakaa hapo. Mupatie madereva wa taksi-bisi kwanza, wao njo radio yetu ya kweli, kisha mutafute mutu wa kuipandisha ku intaneti. Mumuombe kila wimbo upate namba yake ya ISRC, ile ya kutambulisha rekodi, ni herufi na tarakimu 12, muiandike mu kaye.

Hatua ya sita: mukiachana

Mutu anapata kazi ku mugodi, mwingine anaoa, mwingine anakasirika. Inakuja. Siku hiyo fanyeni kitu kimoja tu, gawaneni makuta yaliyobaki mbele ya wote na muchukue kopi za nyimbo kila mutu yake. Mi niliondoka bila kusema kwaheri, 2010, na miaka kumi na tatu nilikuwa napita njia ingine nisikutane na mwenzangu wa akompa. Nilikuwa na kosa. Nimemuambia, nawaambia na ninyi.

Hatua ya saba: kurudiana

Usiite mukutano wa wote kwanza. Mwende mumoja mumoja, nyumbani kwake, bila gitare. Anza na ule mwenye mulikosana naye zaidi, usimuache wa mwisho, juu akisikia kwa watu kwamba umeanza kwa wengine, umepoteza. Beba sukari ao munkoyo, kaa, ongea habari za watoto, na neno la grupe likuje lenyewe. Mi nilifika kwa mwenzangu wa akompa jioni, akaniangalia murefu, akasema, "Yaya, ingia, bukari iko tayari." Makuta ya 2010 tuliongea kisha kula. Nilileta sehemu yake mu bahasha, si zote zilizopotea, lakini nilileta.

Kama kuko mwenye alikufa, wende kwa jamaa yake mbele ya repetisyo ya kwanza, wote pamoja. Mwenzetu wa karindula alitutoka 2021 na mi sikufika ku kilio. Tulikaa na mujane wake, tukamuomba ruhusa ya kupiga nyimbo zake, tukamuambia sehemu yake itakuwa sawa na yetu. Alisikiliza, alinyamaza, kisha akamuita kijana wake mukubwa. Karindula ilikuwa nyuma ya kabati, ngozi imepasuka. Musiseme kijana anachukua nafasi ya baba yake. Semeni anapiga na ninyi, basi.

Kaseti za zamani: musiweke mu radio yoyote mukaanza kusikiliza. Inaweza kukatika siku hiyo hiyo. Safisha kichwa cha mashini na alkoli na pamba, peleka kaseti mbele mpaka mwisho na kurudi, bila kuisoma, ili ilegee, halafu isome mara moja huku tayari inarekodiwa ku kompyuta. Mara ile ya kwanza inaweza kuwa ya pekee.

Vidole vya miaka 45 si vya 25. Wiki sita mbele, kila mutu dakika 20 kila siku kwake, musianze na saa mbili, mutaumiza mukono. Na sauti zimeshuka, usione haya, shusheni gitare zote toni moja, maneno yatatoka bila kulia. Nyimbo nane zinatosha. Repetisyo sita. Mwenye anaishi mbali alipiwe transporti mbele, si kisha, wetu mumoja alikuwa anatoka Kolwezi na tulitoa ya kwake ku kisanduku kabla ya kununua hata nyuzi.

Pahali pa konseri ya kurudiana pawe padogo. Parsele, salle ya paroisi, ao muombe Halle de l'Étoile, ile salle ya Wafaransa mu Lubumbashi, kama muko na miezi ya kungojea. Mikro mbili za sauti, zingine zikae kavu, na watu wakae karibu, viti muviringo kama mulivyorekodi. Sisi tulifanya mwezi wa saba, baridi kabisa, tuliweka mbabula pembeni na kila wimbo mumoja alikuwa anapasha vidole. Mujane alikuwa kiti cha mbele. Kijana alikosea kuingia ku wimbo wa pili, mwenye chupa akamungojea, akagonga tu taratibu mpaka kijana akapata mwendo, na hakuna aliyesimama.

Rekodere iwashwe toka watu wanaingia mpaka wamalize kutoka, musiizime kati ya nyimbo. Na mbele ya kulala mutoe kopi: sisi tulitoa sita, ine zetu, moja ya mujane, moja ya yule dada wa ubeti wa tatu.